Maswali na Majibu: Kuhesabu Tabia Bila Kujidanganya

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kwenda uwandani, na chache kwa waliokwisha kurudi na madaftari yasiyojibu swali. Tumechagua sita. Zinahusu nyani, komba, kunguru, watoto wa shule na hata mmea, lakini karibu zote zinakwama mahali pamoja: mtu hajaamua mapema atamtazama nani, saa ngapi, na kitakachohesabiwa ni nini hasa.

Nyani wa barabarani

*Wahariri, shikamooni. Nasoma uzamili wa usimamizi wa wanyamapori hapa Morogoro. Nataka kuchunguza tabia za nyani wa Mikumi wanaokaa karibu na barabara kuu iendayo Iringa. Msimamizi amerudisha andiko langu mara mbili: kwanza "swali ni pana", halafu "sampuli haieleweki". Mimi nimeandika kwamba nitakaa nao kutwa na kuandika kila wanachofanya. Kuna ubaya gani?*

Marahaba. Ubaya ni kwamba hakuna binadamu awezaye kuandika kila kitu. Mbele ya kundi la nyani 40, macho yatakwenda kwa wanaopigana, wanaopandana, na madume wakubwa waliokaa peupe. Jike anayechambua mbegu kimya nyuma ya kichaka hataingia daftarini. Mwisho wa mwezi takwimu zitasema nyani ni wagomvi, kumbe ugomvi ndio uliokuvuta macho. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, aliliandikia jambo hili makala ya mbinu mwaka 1974, na mpaka leo ndiyo mtahini anayotarajia kuiona katika sura yako ya mbinu. Kuandika chochote kinachojitokeza kunafaa siku za kuzoeana na kundi, na kwa matukio adimu. Hakufai kabisa kulinganisha nani anafanya nini kwa kiasi gani.

Anza na swali. Mwaka 1963 Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, aliyagawa maswali ya tabia mafungu manne: nini kinaichochea sasa hivi, inajengekaje kadiri mnyama anavyokua, inamsaidiaje kuishi na kuzaa, na imetokana na nini katika ukoo wa viumbe hao. "Tabia za nyani karibu na barabara" imebeba yote manne, na miezi michache ya uwandani haitoshi hata kwa mawili. Chukua la kwanza ulibane: je, nyani hukaa kandokando ya lami muda mrefu zaidi saa ambazo magari ni mengi? Hapo unajua unapima muda, umbali na idadi ya magari.

Sasa njia ya kutazama. Ukitaka kujua kundi zima linagawaje muda wake, pitia kundi kwa jicho kila baada ya dakika 15, kutoka kushoto kwenda kulia, na kumwandikia kila mnyama alichokuwa akifanya jicho lilipomfikia. Maliza ndani ya dakika 5. Kosa linaloharibu njia hii ni dogo na halionekani: unamkuta nyani amekaa tu, unasubiri kidogo "nione atafanya nini", sekunde tano baadaye anainama kula, nawe unaandika *anakula*. Ukifanya hivyo mara mia, kupumzika kutapungua katika data na kula kutaongezeka. Andika kilichokuwepo jicho lilipotua, basi. Asiyeonekana aandikwe haonekani.

Ukitaka undani, kwa mfano nani anamtisha nani chakula kinapotupwa, mfuate mnyama mmoja kwa dakika 10 kamili. Hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi mpaka wamechelewa. Nyani wazima 24, kila mmoja dakika 10, ni saa 4 kwa mzunguko mmoja. Ukitaka mizunguko 30, ni saa 120. Ukienda uwandani siku nzima, muda halisi wa kutazama hauzidi sana saa 4, maana kuna kulitafuta kundi, mvua, na nyani kuingia porini. Kwa hiyo ni siku 30 za kazi bila hata moja kupotea, panga 45. Mpangilio wa nani afuatwe lini upigiwe kura kila asubuhi, kwa vikaratasi ndani ya kofia ukipenda. Ukiacha macho yachague, utamchagua aliye karibu na gari lako, na aliye karibu na gari ndiye aliyezoea watu.

Weka sheria za kipindi kabla ya siku ya kwanza na uzibandike kwenye jalada la daftari. Mnyama akipotea kwa zaidi ya dakika 2 kati ya 10, kipindi kinafutwa na kurudiwa siku nyingine. Hakuna kufuatwa mara mbili ndani ya saa 2. Na usikatishe kipindi kwa sababu jirani yake ameanza ugomvi mtamu, wala usikirefushe kwa sababu hiyo.

Orodha ya tabia isizidi 15. Tenganisha hali zinazochukua muda, kama kula, kutembea au kuchambuana manyoya, na matukio ya mara moja kama kuuma au kupiga yowe. Za kwanza zinapimwa kwa dakika, za pili zinahesabiwa. Ukizichanganya safu moja huwezi kuzitenganisha tena. Kila tabia ielezwe kwa kinachoonekana, si kwa nia unayoidhania. "Anatishia" si maelezo. "Anamkabili mwenzake, anapandisha nyusi mpaka kope zake nyeupe zionekane, bila kumgusa" ni maelezo, maana msaidizi wako anaweza kuyafuata bila kukuuliza.

Jambo gumu tumeliacha mwisho. Kundi moja la barabarani ukililinganisha na kundi moja la ndani ya hifadhi, hata ukiwa na vipindi 900, kuhusu athari ya barabara una sampuli ya mbili tu. Huwezi kujua kama tofauti imeletwa na lami, na maji, au na dume lililotawala mwaka huo. Stuart Hurlbert aliwakemea wanaikolojia kwa kosa hili mwaka 1984, na bado linawaangusha watu siku ya utetezi. Kwa bajeti ya uzamili usilinganishe makundi. Walinganishe nyani wale wale saa za magari mengi na saa za magari machache, na katika modeli ya takwimu weka kila nyani kama athari nasibu, ili vipimo vingi vya nyani mmoja visihesabiwe kama vya nyani tofauti.

Abiria wakitupa ndizi, weka alama kwenye kipindi hicho. Usikifute, lakini kijulikane. Wewe usitupe chochote. Huko Gombe miaka ya 1960 ndizi zilitumika kuwasogeza sokwe karibu na watazamaji. Sokwe wakarundikana mahali pamoja, ugomvi ukaongezeka, na ulishaji ukabidi upunguzwe sana. Suala la vibali vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) lianze mara tu swali likikubaliwa, usingoje andiko lipigwe muhuri wa mwisho.

Asilimia 90 haitoshi?

*Mimi na msaidizi wangu tumetazama video moja, picha 100, kila mtu peke yake, tukiandika kama mbuzi anakula au hali. Tumekubaliana mara 90. Mtahini wa ndani anasema hiyo si hoja. Nimechanganyikiwa. — Dodoma*

Mtahini yuko sahihi, na hesabu yenyewe ni ya dakika mbili. Tuseme wote wawili mliandika "anakula" mara 80 na "hali" mara 20. Hata kama kila mmoja angebahatisha kwa uwiano huo akiwa amefumba macho, mngekubaliana kwa "anakula" mara 0.8 × 0.8, yaani 0.64, na kwa "hali" mara 0.2 × 0.2, yaani 0.04. Jumla 0.68 ni bahati tupu. Kipimo cha kapa cha Cohen huondoa bahati hiyo: 0.90 toa 0.68 ni 0.22, gawa kwa 1 toa 0.68, yaani 0.32, unapata takriban 0.69. Si kibaya, lakini watu wengi hulenga 0.8 kabla ya kuanza kukusanya data.

Kupandisha namba hiyo usiongeze mafunzo ya jumla. Zitoe zile picha 10 mlizotofautiana. Mara nyingi zote ni za aina moja, kwa mfano mbuzi anatafuna huku kichwa kiko juu. Mmoja wenu anakuita huko kula, mwingine kusimama. Amueni, andikeni uamuzi katika orodha ya tabia, halafu mjipime kwa picha *mpya* 100. Rudieni katikati ya msimu kwa picha zile zile za mwanzo, kwa sababu maelezo huhama kichwani polepole bila mwenyewe kujua.

Komba wanaoamka adhuhuri

*Kamera zangu za kujipiga zinaonyesha komba usiku, lakini daftari la wasaidizi linaonyesha komba saa saba, saa nane, na nikiingiza kwenye kompyuta wanatokea mchana kweupe. Pia tarehe hazilingani kwa siku moja. Je, kamera ni mbovu? — Tanga*

Kamera haina kosa. Umekutana na saa za Kiswahili. Msaidizi akiandika saa 8 usiku anamaanisha 02:00. Kompyuta yako imesoma 08:00 asubuhi au, ukiongeza 12 kwa mazoea, 20:00. Na kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" wa msaidizi ni ule ambao kamera yako inauita Alhamisi usiku. Kila mmoja wenu ameandika ukweli wake.

Dawa: mpe kila msaidizi saa ya tarakimu iliyowekwa mfumo wa saa 24, aandike anachokiona kwenye kioo bila kugeuza. Tarehe ya usiku iandikwe kwa siku mbili, mfano "14 kuamkia 15". Kwa data ya zamani usikisie. Kaa na wasaidizi, chukueni usiku wanaoukumbuka wote na wenye picha ya kamera, linganisheni, kisha geuza safu nzima kwa kanuni moja na uihifadhi ile ya asili kando. Na tochi iwe na karatasi nyekundu. Mwanga mweupe huwafanya komba wageuke na kukuangalia wewe, na hapo unapima udadisi wao.

Umbali wa kunguru

*Nimeona Feri kunguru hawaogopi mtu, lakini mitaa mingine wanaruka ukiwa mbali. Nataka kulipima hili kwa tasnifu. Vifaa sina zaidi ya futi ya fundi. — Dar es Salaam*

Futi inatosha, na mada ni nzuri: ndege huyu wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, leo yuko pwani nzima, na hana gharama ya safari. Unachopima ni umbali kati yako na kunguru pale anapoondoka ardhini.

Chagua kunguru aliye chini, asiye na zaidi ya wenzake watatu ndani ya mita 5. Anza ukiwa mita 25 kutoka kwake, kila mara. Hili la umbali wa kuanzia watu hulipuuza, kumbe anayeanza mbali hupata umbali mkubwa wa kuruka hata kwa ndege yule yule, maana ndege amepata muda mrefu wa kukuona ukija. Tembea ukimwelekea, ukimtazama, hatua moja kwa sekunde. Programu ya simu inayogonga mdundo wa mara 60 kwa dakika itakusaidia kuzoea. Akiinua kichwa kukuangalia, dondosha kimfuko cha mchanga bila kusimama. Akiruka, dondosha cha pili na usimame. Pima kutoka kila kimfuko hadi pale alipokuwa. Andika pia kama alikuwa anakula, watu wangapi walipita ndani ya mita 20 dakika iliyotangulia, na umbali wa mti au ukuta wa karibu.

Kunguru hawana alama, kwa hiyo hujui kama umempima yule yule mara nne. Usihesabu ndege, hesabu maeneo. Maeneo 20 yenye vipimo 5 kila moja ni tasnifu. Eneo moja lenye vipimo 100 si tasnifu, hata jedwali likijaa.

Mtembeaji naye ni tatizo. Huko Seattle, timu ya John Marzluff iliwakamata kunguru wa Marekani ikiwa imevaa kinyago, na kwa miaka iliyofuata kunguru waliendelea kukizomea kinyago hicho hata kikivaliwa na mtu mwingine. Wetu ni wa spishi nyingine, lakini usibahatishe. Tumia watembeaji wanne, nguo za rangi moja, wapangwe kwa kura, na kila eneo litembelewe na wote. Uliza pia kwa wenyeji kama eneo limewahi kuwekewa mitego au sumu ya kunguru, kwa sababu hofu ya namna hiyo itaonekana kwenye futi yako na utaibandika sababu isiyo yake.

Watoto wananawa wakiniona

*Nachunguza unawaji mikono katika shule ya msingi hapa Kisumu. Siku ya kwanza karibu kila mtoto alinawa, ya tatu wachache. Nitumie ipi?*

Siku ya kwanza ulijipima mwenyewe. Bangladesh watafiti waliwahi kuficha vipima-mwendo ndani ya vipande vya sabuni na kuviacha majumbani, na matokeo yalichapishwa 2010: sabuni ilisogezwa zaidi siku mtazamaji alipokuwepo kuliko siku za kabla yake. Huhitaji vifaa hivyo. Weka maji ya sabuni karibu na kibuyu chirizi: gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya lita 1.5, kifuniko kitobolewe, chupa ifungwe kamba. Ipime kwa mzani wa jikoni asubuhi na jioni kwa wiki mbili kabla hujaanza kutazama, halafu siku za kutazama, halafu wiki moja baadaye. Gawa gramu zilizotumika kwa idadi ya watoto waliohudhuria. Chupa nyingine yenye tundu kama hilo iache ofisini, ikuonyeshe kinachopotea kwa mvuke tu. Sabuni ya kipande usiitumie kwa kazi hii: hunywa maji na kukauka, na uzito wake hausomeki.

Mzani hautakuambia nani alinawa, wala kumkamata mtoto anayemwagia mwenzake. Kwa hiyo utazamaji ubaki, lakini data ya siku mbili za kwanza iwe ya kuzoeana na isiingie kwenye uchambuzi. Kaa nje, mahali unapoona mlango wa choo na kibuyu kwa pamoja, kamwe si ndani. Mapumziko makubwa watoto hutoka kwa mkupuo na huwezi kuwafuata wote. Chukua kila wa tatu anayevuka kizingiti, hata kama wa pili ndiye aliyefanya jambo la kuchekesha. Tenganisha maji tu, maji na sabuni, mkono mmoja, mikono yote miwili. Majina yasiandikwe.

Kuwaambia watoto kwamba unatazama "matumizi ya mazingira ya shule" badala ya kunawa kunakubalika ikiwa kamati ya maadili imeidhinisha maneno hayo, wazazi na mwalimu mkuu wanajua ukweli, na watoto wenyewe wataelezwa mwishoni. Kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, pekee hakibebi hilo.

Kifauongo hujifunza?

*Ninafundisha na kusoma uzamili wa elimu ya sayansi. Nataka wanafunzi wafanye jaribio la kifauongo "kujifunza". Nimesikia lilishafanywa. Inawezekana shuleni? — Muheza*

Inawezekana, na mmea huu unaofunga majani ukiguswa uko kando ya njia, bure. Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio hilo 2014: vyungu vya kifauongo viliangushwa kutoka sentimita 15 mara nyingi mfululizo, na majani yakaacha kufunga. Mimea iliposhtuliwa kwa namna nyingine, majani yalifunga tena. Hatua hiyo ya pili ndiyo jaribio lenyewe. Bila hiyo hujui kama mmea umezoea au umechoka tu. Neno salama la kuandika ni *mazoea*. "Kujifunza" kutakuletea ubishi, nao wataalamu bado wanao.

Tumia vyungu 20, mmea mmoja kila chungu: 10 vya kuangushwa, 10 vya kukaa pembeni. Tengeneza reli ya mbao yenye sifongo chini ili kila anguko liwe sawa. Chagua jani moja kwa kila mmea, lifungwe uzi mwembamba, na pima upana wake kwa rula kabla na baada. Majani mengi ya mmea mmoja si sampuli nyingi. Hilo ni lile kosa la Hurlbert. Fanya kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, maana kifauongo hukunja majani yenyewe jioni, na mmea wenye kiu hufunga kivivu. Zima feni.

Anayepima upana asijue chungu kimetoka kundi gani. Kule Berlin farasi aitwaye Hans alidhaniwa anajua hesabu mpaka Oskar Pfungst, mwaka 1907, alipoonyesha kwamba alikuwa akisoma mtikisiko mdogo wa kichwa cha muulizaji, na muulizaji mwenyewe hakujua anatikisa. Kifauongo hakisomi kichwa cha mtu, lakini mwanafunzi anayetamani jani libaki wazi atalipima liko wazi. Bandika namba chini ya vyungu, na orodha ya makundi ikae kwenye droo ya mwalimu mpaka kipimo cha mwisho kiandikwe.